Mwaka wa Chupa ya Povu

Juzi nilikwenda kwenye msiba wa Mama Deo kule Mafiga, na sikwenda kulia. Nilikwenda kwa sababu Mama Jeni, aliyekuwa mpangaji mwenzangu katika nyumba ya marehemu, alinipigia simu akasema, "Njoo bwana, mtu ameshakufa, sasa utamkasirikia nani?" Nikamjibu kwamba wa kumkasirikia nitampata hapo hapo. Nilikaa mkekani na mwanangu mdogo mapajani, nikaletewa wali na maharage, nikala nikashiba huku nikiwasikiliza wanawake wakimpamba marehemu. Alikuwa mama wa wapangaji wote. Hakumfukuza mtu. Mtoto wa mwenzake alimwona kama wake. Mimi nilitafuna tu. Kisha akaja Deo mwenyewe, mwanawe wa pekee, kipara kimeanza kumla, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili na kusema, "Mama Rahma, asante kwa kuja. Yale ya zamani tulikoseana kidogo tu." Kidogo! Neno hilo nimerudi nalo hadi Kihonda, nimelala nalo, nimeamka nalo, na kwa kuwa siwezi kwenda kugombana na mfiwa, nakaa kuandika mwaka ule ulivyokuwa. Atakayeona ni mdogo na aseme.

Nilikuwa na miaka ishirini, cheti changu cha kidato cha nne kwenye mfuko wa nailoni, na Rahma wa mwaka na nusu. Baba yake simwongelei, hapa wala pengine. Nilipanga chumba cha mwisho kwenye ua wa Mama Deo, chumba ambacho ukifungua mlango kitanda kinakuwa tayari kimekugusa goti. Dirisha lilitazama bomba la uani, kwa hiyo hakuna aliyechota maji nisimwone, na hakuna aliyechota maji akaacha kuchungulia chumbani kwangu. Nyumba ilijengwa kwenye mteremko. Ua ulikuwa chini. Ukipanda ngazi za mawe unatokea juu, kwenye uwanja wa kando ya barabara, na hapo ndipo Deo alipokuwa anaosha magari. Mimi nilikuwa mwoshaji wake. Nilisugua matairi, nikapiga zulia kwenye ukuta, nikatoa maganda ya karanga chini ya viti. Asubuhi nikiona mawingu yamekaa chini kwenye milima ya Uluguru nilijua siku hiyo magari yatashuka na matope mpaka kwenye vioo, na kazi itakuwepo. Maji tuliyapandisha kwa mpira mrefu uliotoka kwenye bomba lile lile la uani. Bomba lilikuwa na koki mbili: moja ya mpira wa Deo, nyingine ya ndoo zetu wapangaji.

Chupa ya povu Deo aliileta kutoka Dar akiwa ameifunga kwenye taulo kama kitoto kichanga. Ni chupa ya plastiki yenye shingo na kifyatulio. Unaijaza sabuni ya maji, unaifunga mwisho wa mpira, na maji yakipita kwa nguvu yanavuta sabuni na kutoka nayo nje yakiwa povu tupu. Siku ya kwanza watu walisimama kutazama. Pikapu ya mfanyabiashara mmoja wa nyanya ilifunikwa nyeupe yote, magurudumu mpaka taa. Deo akawa anaruka ruka, "Mnaona? Mnaona? Hapa hakuna kusugua, hapa teknolojia!" Mwenye pikapu alizunguka gari lake taratibu, mikono nyuma, kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani. "Dogo," akamwambia Deo, "povu lote hili ni la kutufumba macho. Chini yake uchafu umelala tu." Akatoa kitambaa chake mwenyewe mfukoni, akafuta kona ya mlango, akakinusa kile kitambaa. Madereva wote walikuwa hivyo. Mwingine alisema rangi itababuka, mwingine akasema tunaweka povu jingi ili tuibe vitu ndani huku yeye haoni. Nilicheka wakati ule. Sikujua kwamba miongoni mwetu wote hao ndio waliokuwa na akili, ila tu walishuku kitu ambacho sicho.

Baada ya wiki chache Deo akaona povu halitoshi. Nilikuwa nimekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, nakula muhogo wa kuchemsha, nikamwona anafungua shingo ya chupa kwa kisu na kuchokoa kitu. Kilitoka kigololi cha plastiki, kidogo kama punje ya mbaazi. "Hiki ndicho kinabana," akasema. "Kazi yake nini?" nikamwuliza. "Kazi yake kubana, si nimekwambia?" Akakitia mfuko wa shati. Kweli povu likaongezeka, likawa linadondoka mapande mapande, na mama yake akapanda ngazi kuja kuona, akapiga makofi. Mama Deo alipenda mwanawe asifiwe. Jioni ile alitupikia ugali na mchicha wenye karanga, akaniwekea Rahma finyango la samaki kwenye kisahani chake, akalitoa miba kwa vidole vyake. Naandika hilo kwa sababu ni kweli. Mkono ule ule ndio ulionifanyia yale ya baadaye.

Rahma alianza kuharisha mvua za masika zilipokuwa zinaisha. Siku mbili anaharisha, anapona, wiki moja kimya, halafu tena. Anatapika, macho yanaingia ndani, midomo inakauka. Nilimpeleka zahanati nikiwa na matope ya magari kwenye sketi. Nesi aliniangalia miguu kabla ya kumwangalia mtoto. "Maji unachemsha?" "Nachemsha." "Mnasema hivyo wote." "Dada, nachemsha mpaka sufuria inalia!" Akaandika, hakuinua hata uso. Nikapewa dawa za pakiti za kukoroga na maneno ya kwenda nayo. Nilichemsha maji yale, nikayachuja kwa kitenge, nikayachemsha tena. Yalikuwa na ladha fulani ya kuteleza ulimini, lakini maji yetu tulishayazoea kuwa na ladha. Tulisema ni dawa wanayoweka huko yanakotoka, tukanywa.

Nyumba nzima ikaanza kutazamana. Ukitaka kujua watu wanaishije wakishukuana, panga kwenye ua wenye bomba moja. Aliyekuwa anaacha sufuria yake nje aliiingiza ndani. Mama Jeni alinunua kufuli la ndoo. Sikujua kama kuna kufuli la ndoo, yeye alitoboa mfuniko akatia. Nikiwa chumbani nimemlaza Rahma nilisikia maneno yao bombani kama redio. "Mtoto analelewa na nani? Mama yake si yuko juu na wanaume anaosha matairi." "Anamlisha mkono una dizeli." "Mimi nasema ni zindiko. Kuna mtu humu ameoga dawa akamwaga uani." "Nani?" "Mimi sitaji mtu. Lakini anayeoga usiku wa manane tunamjua." Nilifungua dirisha kwa kishindo nikawauliza kama wanataka nitoke na mtoto waje wamchunguze vizuri. Wakainama kwenye ndoo zao kama hawakuwa wao. Na mimi sikuwa bora, nilimshuku kila mmoja kwa zamu. Nilinusa vikombe. Nilikataa uji wa jirani mbele yake. Hadi leo nikienda kwa watu nikapewa maji, nanusa kwanza, na mume wangu ananifinya chini ya meza.

Kisha ikaja asubuhi ya chai. Mama Jeni alimimina chai ya maziwa kwenye kikombe, ikafanya povu, povu likakataa kutulia. Akaita watu. "Njooni muone chai yangu imekuwa bia!" Hapo hapo kesi ikahukumiwa: ni muuza maziwa. Huyu alikuwa Mzee Kibwana, aliyekuja na baiskeli na madumu yake ya maziwa, mtu mpole, kofia haitoki kichwani. Ilisemwa mjini kwamba wauza maziwa wengine hutia sabuni ili maziwa ya maji yaonekane mazito, basi yeye akawa ameingia mikononi mwetu. Alipoingia uani Mama Jeni alimpokea kwa adabu zote. "Shikamoo, Mzee Kibwana." "Marahaba, mwanangu." "Karibu. Leo maziwa yako utayanywa mwenyewe, hapa hapa, tukikuona." Mzee akamtazama, akatutazama sote tulioshika viuno, akajimiminia kopo zima, akanywa mpaka tone la mwisho na kujifuta ndevu. "Ongeza," akasema, akinyoosha kopo kwetu kana kwamba sisi ndio wenye maziwa. Wengine walicheka. Lakini hakuna aliyenunua, si siku ile wala baadaye, na dumu moja lilipigwa teke na mtu aliyejifanya amejikwaa. Mimi nilisimama nikaona maziwa yanafuata mteremko wa ua mpaka mtaroni. Rahma akaendelea kuumwa bila maziwa.

Mjomba Athumani alipiga simu kutoka Kinole, mlimani. Kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba akisema neno kuhusu mtoto, limesemwa. Hakugomba, angegomba ningepata pa kushika. Alisema, "Nimesikia mjukuu wangu anaharisha kila wiki. Ijumaa nikimaliza kuswali nashuka. Mfungie nguo zake." Nikamwuliza nani amemwambia. "Nimeambiwa," akasema, akakata. Nilikaa na simu mkononi nikiwaza nani ana namba ya mjomba wangu. Nikajiaminisha ni Mama Jeni. Nilijua mtoto akishapandishwa mlimani huwa hashuki upesi. Atalelewa, atapendwa, atashiba ndizi, na mimi atakuwa ananiita dada. Nimewaona wanaoitwa dada na watoto wao. Nilifunga zile nguo, nikazifungua, nikazifunga tena, na kila nilipozifungua nilizidi kukasirika.

Alhamisi hiyo maji yalikatika mchana, kama kawaida yake. Kila nyumba ina tabia zake maji yakikatika, na ya kwetu ilikuwa hii: koki hazifungwi. Zinaachwa wazi ili yakirudi tuyasikie yanavyokoroma. Koki ya mpira wa Deo iliachwa wazi na mpira umelala juu, chupa ya povu imefungwa mwisho wake. Na tabia ya pili: bomba likianza kulegea, wote mbio na ndoo kukinga yale ya mwisho yanayodondoka. Mimi ndiye niliyekuwa juu kazini, kwa hiyo siku zote nilifika bombani wenzangu wameshajaza, nikapata mabaki ya mwisho kabisa. Siku hiyo sikushuka. Nilikuwa namtazama dereva mmoja aliyepaki kwetu akimsaidia mwenzake aliyeishiwa mafuta. Alitumbukiza kipande cha mpira kwenye tangi lake, akanyonya mara moja, akatema, akashusha ncha chini kwenye dumu. Mafuta yakapanda yenyewe, yakavuka, yakashuka. Tumeona jambo hilo mara ngapi barabarani? Mimi nimeliona tangu sijaota meno. Lakini siku ile macho yangu yalitoka kwenye mpira wa mafuta yakaenda kwenye mpira wetu wa maji, yakaufuata kutoka kwenye chupa, kwenye uwanja, kwenye ngazi za mawe, kushuka, kushuka mpaka bombani, ambako Mama Jeni alikuwa ameinama anakinga ya mwisho. Chupa juu, ndoo chini. Maji yakikatika, sabuni inanyonywa kurudi chini mpaka kwenye ndoo zetu, na kigololi cha kuizuia nilikiona kikitolewa.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Deo angecheka, Mama Jeni angetangaza mpaka stendi ya Msamvu. Nilikesha na mtoto, na maji niliyompa yalitoka kwenye nyumba ya pili. Ijumaa Mjomba Athumani akaingia uani na mkungu wa ndizi begani, kanzu imekunjwa kiunoni, viatu mkononi kwa sababu ya tope. "Shikamoo mjomba." "Marahaba. Nguo zake ziko wapi?" "Mjomba, kabla hujakaa, naomba uone kitu." "Nimekuja kuona mtoto." "Ni habari ya mtoto huyo huyo." Koki ya mpira wa Deo ilikuwa wazi na chupa ya povu iko juu mwisho wake, nikaenda kwenye mita nikafunga koki kubwa. Wenzangu wakadhani maji yamekatika, wakatoka na ndoo, nami nikasimama mbele ya bomba nikawaambia leo hakingi mtu. "Ana nini huyu?" "Amechanganyikiwa." Bomba likatoa maji kwa nguvu, likalegea, likatoa uzi, nikasubiri, na yale ya mwisho kabisa nikayakinga kwenye chupa safi ya maji niliyoiosha mbele ya mjomba. Nikaziba mdomo wa chupa kwa kiganja, nikaitikisa. Ilijaa povu mpaka juu, likanitoka katikati ya vidole.

Mjomba aliichukua ile chupa, akaisogeza puani, akaipandisha kwenye mwanga. Deo alikuwa amesimama kwenye ngazi akianza kusema hiyo chupa nimeitia sabuni mwenyewe, mimi mchawi wa kike, sijui nini, na wengine walishaanza kumwitikia. Ndipo nikasikia sauti ya Mama Deo kutoka mlango wa jikoni, si kubwa, sauti ya mtu anayemsema mwanawe tu: "Deo, si nilikwambia ukirudishe kile kidude?"

Alijisikia mwenyewe baada ya kusema. Nilimwona alivyoshika kizingiti. Mama Jeni aligeuka polepole. "Kidude gani, mama?" Akamsogelea. "Mama, kidude gani? Jeni wangu naye si ameharisha mwezi mzima?" Mama Deo akasema tusipandishe sauti, majirani wanasikia, nani atakuja kupanga hapa tena, mambo ya nyumbani yanaongelewa nyumbani. Mjomba Athumani akamtazama, akashangaa kidogo, akamwuliza kwa heshima: "Dada, si wewe uliyenipigia simu ukaniambia binti yangu hajui kulea?" Hivyo ndivyo nilivyojua, nikakumbuka nilimwandikia namba ya mjomba siku nilipopanga. Alijua maji yana nini, akaona nyepesi kumwondoa mtoto kuliko kumwambia mwanawe arudishe kigololi na apate povu pungufu. Wanawake wa msibani, mnanisikia? Huyo ndiye aliyemwona mtoto wa mwenzake kama wake.

Nilidhani nimeshinda. Nilimgeukia mjomba kwa hasira na furaha pamoja, nikasema, "Umeona? Si mikono yangu." Mjomba akatingisha kichwa. "Nimeona. Maji ni sumu. Basi ndiyo naondoka naye kabisa. Nilikuwa na shaka, sasa sina." Akamwinua Rahma akamweka begani. Sijawahi kukasirika vile kabla wala baada. Nilikuwa nimemthibitishia kwa mkono wangu mwenyewe. Sikulia. Niliingia chumbani, nikakunja godoro, nikafunga vyombo kwenye shuka, nikatoka barabarani nikasimamisha mwenye mkokoteni. "Unakwenda wapi?" mjomba akauliza. "Nahama. Ulisema maji ni mabaya, sikusikia ukisema mimi ni mbaya." Mama Jeni ndiye aliyetoka na jina la shangazi yake mwenye chumba Kihonda, na ndiye aliyeshika upande wa pili wa godoro, na lile kufuli lake la ndoo nilimsamehe pale. Mjomba alitufuata nyuma njia nzima na mtoto begani. Hakunipa, hakuondoka.

Chumba cha Kihonda kilikuwa hakijapigwa lipu. Hakukuwa na bomba kabisa. Nilitupa shuka la vyombo chini nikamwambia, "Haya mjomba. Hapa hakuna bomba, hakuna mpira, hakuna Deo. Mchukue sasa, ila uniambie ni kwa sababu gani." Aliuliza maji ya hapa yanatoka wapi, akaambiwa kisima cha jirani, akamkalisha Rahma kwenye godoro na kubeba ndoo mwenyewe. Nilimsikia kisimani wanawake wakimtania. "Babu, umeoa binti gani huyo anayekutuma maji?" "Nimetumwa na mjukuu," akasema, "tena ana masharti." Akarudi, kanzu imelowa mpaka magotini. Niliwasha mkaa, nikayachemsha, nikayapooza kwa kuyamimina kutoka sufuria moja kwenda nyingine, nikajaza kikombe. Nilipokuwa namwinamishia Rahma, mjomba akakitoa mkononi mwangu. "Subiri."

Alikunywa yeye, yote. Akakaa juu ya godoro lililokunjwa, viganja juu ya tumbo, akitazama ukuta. Tukasubiri. Rahma alimvuta kanzu, akataka kikombe, akalia. "Bado, mama," akamwambia. Jirani akaja kukaribisha wageni, akatukuta tumekaa watatu tunalitazama tumbo la mzee, akarudi bila kubisha hodi. Kivuli cha nyumba kiliingia mlangoni, kikafika kwenye miguu yangu. Mwisho mjomba akajipapasa, akasikiliza, akachota maji upya kwenye sufuria. Nilinyoosha shingo nikidhani atamnywesha. Hakumnywesha. Alinipa mimi kikombe.

"Mpe mwanao," akasema.